Kabla ya Alizeti, Van Gogh Alinakili

Hapa chuoni ukitaja kunakili, watu wanawaza kudesa na kamati ya nidhamu. Sasa sisi tunaosomea ualimu tumtazame Vincent van Gogh. Wengi tunamjua kwa alizeti zake za njano na lile sikio alilojikata. Namna alivyojifunza kuchora haisimuliwi sana.

Alizaliwa Machi 30, 1853, Zundert, Uholanzi, mtoto wa mchungaji. Akiwa na miaka 16 aliajiriwa na kampuni ya Goupil kuuza picha za wenzake, baadaye wakamwachisha. Akaenda Uingereza kuwa mwalimu msaidizi (ndiyo, ni mwenzetu huyu!), hakudumu. Akawahubiria wachimba makaa ya mawe kule Borinage, Ubelgiji. Nako hawakumwongezea muda. Mwaka 1880, ana miaka 27 na hana kazi, ndipo akaamua kuwa mchoraji.

Alianzaje? Alimwandikia mdogo wake Theo amtumie nakala za picha za Millet, yule Mfaransa aliyechora wakulima. Akaazima na mazoezi ya Charles Bargue, karatasi 60 za miili ya watu za kunakili kwa mkaa, akazimaliza zote. Mpanzi wa Millet, mkulima anayetembea akitupa mbegu, alimchora tena na tena. Theo akawa anamtumia hela. Hilo ndilo lilikuwa boom lake.

Ila usidhani jamaa alikuwa mtiifu. Mwaka 1882, The Hague, Anton Mauve, mchoraji mwenye jina na shemeji wa ukoo wao, alimtaka achore sanamu za plasta. Vincent alizivunja, akazitupa kwenye pipa la makaa. Magwiji aliowachagua mwenyewe aliwanakili bila kuchoka; wa kulazimishwa hakuwataka. Mwalimu anayegawa picha moja kwa darasa zima aliwaze hilo.

Paris, mwaka 1887, alinakili kwa rangi za mafuta picha mbili za Mjapani Hiroshige. Mwaka uliofuata, akiwa Arles, yule mpanzi akarudi, safari hii chini ya jua kubwa la njano ambalo Millet hakulichora. Halafu ugonjwa wa akili ukampeleka hospitali ya Saint-Rémy, 1889. Siku ambazo hakuweza kutoka nje alitundika mbele yake picha za Millet zilizochapwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, akachora zaidi ya 20. Hapo ndipo utamu ulipo: picha ya kunakili haikuwa na rangi, kwa hiyo rangi ilibidi aitoe kichwani. Mwenyewe alijiona kama mpiga muziki anayepiga utunzi wa mwingine kwa mkono wake.

Kwenye mazoezi ya kufundisha nimewasikia walimu wakisema eti mtoto akinakili ubunifu unakufa, mwache achore anachotaka. Haya, mwambie achore anachotaka. Atakuletea nyumba, bendera na ua kwenye chungu, na jirani yake vilevile, na wa nyuma yake vilevile. Wote wananakili, ila wananakiliana wenyewe kwa wenyewe. Mimi ningempa kila mmoja picha ya fundi aliyempenda, isiyo na rangi, nimwambie rangi atafute yeye.

Vincent alichora kwa miaka kumi tu, akaacha picha za rangi zaidi ya 800 na michoro zaidi ya 1,000. Akiwa hai hakuna aliyemwita gwiji isipokuwa wachache. Mei 1890 alihamia Auvers, kaskazini ya Paris, akawa anachora karibu picha moja kila siku. Mwezi Juni, wiki chache kabla ya kufariki Julai 29 akiwa na miaka 37, alimwandikia Theo kuomba kitu kimoja: zile karatasi za Bargue, anataka kuzinakili upya.