Gavana Baring na nyaraka zilizofichua siri ya Hola

MSAFIRI anayetoka Garsen na kuufuata Mto Tana kuelekea kaskazini hufika Hola, makao makuu ya Kaunti ya Tana River. Mjini humo pana shule ya upili inayobeba jina la Mau Mau, ijapokuwa vita hivyo vilipiganwa mbali sana, katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua. Kilicholeta jina hilo katika nchi ya Wapokomo na Waorma ni amri za serikali ya mtu mmoja: Sir Evelyn Baring, Gavana wa Kenya kuanzia 1952 hadi 1959.

Baring alizaliwa Septemba 29, 1903 katika ukoo uliozoea kutawala. Babaye, Lord Cromer, ndiye aliyekuwa na usemi wa mwisho nchini Misri kwa niaba ya Uingereza kwa zaidi ya miaka 20. Kijana huyo alisomea historia katika Chuo Kikuu cha Oxford, akaajiriwa katika utumishi wa serikali nchini India, kisha akalazimika kuuacha kwa sababu ya maradhi. Mnamo 1942 aliteuliwa Gavana wa Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, na baadaye akawa Balozi Mkuu wa Uingereza nchini Afrika Kusini hadi 1951.

Alitua Kenya mwishoni mwa Septemba 1952. Juma moja baadaye, Oktoba 7, Chifu Mkuu Waruhiu aliuawa kwa kupigwa risasi. Baring aliiomba London idhini, na Oktoba 20 akatia saini tangazo la hali ya hatari. Usiku huohuo polisi walianza kuwakamata Jomo Kenyatta na viongozi wenzake.

Tangu siku hiyo kalamu ya Gavana ilikuwa na nguvu kuliko bunge lolote. Chini ya kanuni za hali ya hatari, aliweza kuamuru mtu azuiliwe bila kufikishwa mahakamani, vijiji vihamishwe na ardhi itwaliwe. Makosa ambayo awali hayakumpeleka mtu kwenye kitanzi, kama vile kupatikana na risasi au kulisha kiapo, yalifanywa kuwa ya kunyongewa. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa katika miaka hiyo, na makumi ya maelfu wakawekwa kizuizini. Katika kesi ya Kapenguria, Baring aliidhinisha malipo ya siri ya pauni 20,000 kwa Hakimu Ransley Thacker, aliyemhukumu Kenyatta kifungo cha miaka saba Aprili 1953.

Haitakuwa haki kusema kwamba alitawala kwa rungu peke yake. Ni katika utawala wake ambapo Mpango wa Swynnerton wa 1954 uliwapa wakulima Waafrika hati za kumiliki mashamba na kupanua kilimo chao cha kahawa. Hata hivyo, hati hizo zilitolewa wakati wengi walikuwa kambini, wasiweze kutetea mipaka ya mashamba yao.

Wala haiwezi kusemwa kwamba hakuonywa. Arthur Young, Kamishna wa Polisi aliyeletwa kutoka London mwaka wa 1954, alijiuzulu kabla ya kumaliza mwaka, baada ya kuona kwamba maovu ya walinzi wa serikali, wale homugadi, hayachukuliwi hatua. Maelezo yake hayakuchapishwa.

Juni 1957 Baring alimwandikia Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, akitetea mbinu iliyokuwa ikitumika katika kambi za Mwea ya kuwavunja nguvu mahabusu waliokataa kutii. Mwanasheria Mkuu wake, Eric Griffith-Jones, aliiandalia mbinu hiyo kanuni zilizotofautisha nguvu ya kushurutisha na nguvu ya kuadhibu. Katika karatasi tofauti hiyo ilisomeka vizuri. Kambini, mwenye rungu ndiye aliyeamua moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Mahabusu waliohesabiwa kuwa sugu kabisa walipelekwa Hola, kwenye joto na mbu wa Tana, mahali ambapo serikali ilikuwa imeanzisha mradi wa kunyunyizia mashamba maji. Machi 3, 1959, mahabusu 85 waliokuwa wakikataa kazi walitolewa nje kwenda kuchimba mitaro kwa lazima. Walinzi waliwapiga kwa virungu. Watu 11 walikufa na wengine wengi wakajeruhiwa.

Kesho yake serikali ya Baring ilitoa taarifa kwamba vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka katika mkokoteni wa maji. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kipigo, na hakimu aliyevichunguza vifo hivyo akathibitisha jambo hilo. Julai mwaka huo Bunge la Uingereza lilijadili Hola hadi usiku wa manane. Aliyeishambulia serikali kwa hoja nzito zaidi alikuwa Enoch Powell, mbunge wa chama tawala. Hata hivyo, hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo.

Baring aliondoka Kenya Oktoba 1959, na hali ya hatari ikaondolewa Januari 1960. Alitunukiwa cheo cha Lord Howick of Glendale, akaliongoza shirika la Uingereza la maendeleo ya makoloni, na akafariki Machi 10, 1973 akiwa na umri wa miaka 69.

Nyaraka zake hazikufa naye. Mwaka wa 1961 London iliagiza kwamba karatasi zinazoweza kuiaibisha zisiachiwe serikali za nchi zitakazopata uhuru. Nyingine zilichomwa, nyingine zikasafirishwa hadi Uingereza. Ni mwaka wa 2011, wakati wazee wa Mau Mau waliokuwa wameishtaki serikali ya Uingereza walipokuwa mahakamani London, ndipo ilipokiriwa kwamba majalada yapatayo 1,500 ya Kenya yalikuwa yamefichwa Hanslope Park. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya walalamishi 5,228. Kwa miaka mingi wazee hao walikuwa wakisimulia waliyotendewa bila kusadikiwa. Waliposadikiwa, miongoni mwa ushahidi uliowapa nguvu zilikuwamo barua na simu za maandishi za serikali ya Gavana mwenyewe.