Denner, Fundi wa Viungo

Aliye Garissa na klarineti kuukuu ya mti, iliyotoka pwani na viungo vyake vimekwama, asiikamie kwa nguvu. Kwanza na amjue aliyeiunda.

Johann Christoph Denner alizaliwa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1655, akakulia Nuremberg. Ufundi aliurithi kwa babake, Heinrich, mchongaji wa filimbi na pembe za wawindaji. Mwaka 1696, yeye na mwenziwe Johann Schell waliliomba baraza la mji ruhusa ya kuunda ala za mtindo mpya wa Kifaransa, za vipande viingianavyo. Kisha akaibadili ala ya kale iitwayo shalumo, ikazaliwa klarineti. Ndivyo alivyoandika Doppelmayr wa mji huohuo mwaka 1730. Denner alifariki mwaka 1707, na mwanawe Jacob akaishika kazi.

Yeye alichonga miti ya Ulaya. Leo klarineti nyingi nzuri ni za mpingo, mti wetu wa Afrika Mashariki.

Lakini mti, hata ukichongwa, hunywa maji. Mate na unyevu wa pwani huuvimbisha, viungo vikashikana. Nalo jua la Garissa huweza kuupasua. Dawa ni subira. Iwekwe kivulini ikauke polepole, vipande vizungushwe taratibu kwa mikono, bila koleo. Vikishaachana, vipakwe mafuta mazito. Denner aliweka viungo ili vifunguke. Mwenye kuvilazimisha ameivunja amana.