Bruce Lee na ule mruko ulioganda hewani

Kama uliwahi kukaa viti vya mbele vya sinema, vile vya bei ya chini vinavyomlazimu mtu kuinua shingo kama anayetazama kilele cha mnazi, basi sheria ya kwanza unaijua: stelingi hafi. Adui atampiga, atamfunga kamba, atamwulia baba yake na mwalimu wake, lakini picha ikimalizika stelingi huwa amesimama. Sheria hiyo ilitutosha katika picha za Kihindi na za makauboi. Siku tulipoonyeshwa Fist of Fury, hapa Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilitushinda. Bruce Lee aliwakimbilia askari wenye bunduki, akaruka mguu mbele, na picha ikaganda pale pale. Milio ya risasi ikasikika. Taa zikawaka. Tukatoka nje tukibishana, na wengine wetu hatujaacha kubishana hadi leo, ijapokuwa ndevu zimeingia mvi.

Ubishi huo hauamuliwi na asiyemjua aliyeruka. Basi na tuanze naye tangu kuzaliwa.

Alizaliwa tarehe 27 Novemba 1940 katika mtaa wa Wachina mjini San Francisco, Marekani, mwaka ambao kwa hesabu ya Wachina ni mwaka wa joka. Baba yake, Lee Hoi-chuen, alikuwa mwimbaji na mchezaji wa tamthilia za Kikantoni, na mwana alizaliwa wakati baba yuko safarini na kundi lake. Mama yake, Grace Ho, alikuwa na damu ya Kizungu ndani ya nasaba yake. Mtoto hata hajajua kutambaa vizuri akaonyeshwa mbele ya kamera katika picha iliyoitwa Golden Gate Girl. Kisha wakarejea Hong Kong, na Desemba 1941 majeshi ya Japani yakaingia na kuutawala mji huo hadi 1945. Jambo hili tuliweke akilini, tutalihitaji mbele.

Utotoni alicheza katika picha zipatazo ishirini, akapewa jina la Siu Lung, yaani Joka Mdogo. Lakini nje ya kamera alikuwa mtoto wa mitaani, mwepesi wa kukunja ngumi. Alipofikia umri wa miaka kumi na mitatu hivi alikwenda kwa mzee Yip Man kujifunza mtindo wa Wing Chun, mtindo wa mikono mifupi na hatua za karibu. Na msomaji asicheke nikisema kwamba mwaka 1958 kijana huyu alishinda mashindano ya dansi ya cha-cha ya Hong Kong. Mtazame miguu yake anapomzunguka adui, kisha uniambie kama hiyo si dansi.

Ugomvi wa mitaani ulipozidi, wazazi wakamsafirisha Marekani mwaka 1959. Alikuwa na dola mia moja mfukoni. Huko Seattle akawa mhudumu wa mkahawa, akaingia Chuo Kikuu cha Washington, na akaanza kufundisha kung fu. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Mmarekani mweusi, Jesse Glover. Siku hizo walikuwapo Wachina walioona kwamba elimu hiyo ni amana ya kwao, haifai kutolewa nje. Yeye alimfundisha kila aliyekuja na nia. Mwaka 1964 alimwoa Linda Emery, Mzungu, wakazaa watoto wawili: Brandon mwaka 1965 na Shannon mwaka 1969.

Mwaka huo huo wa 1964, mjini Oakland, alipigana faraghani na fundi mwingine wa kung fu, Wong Jack Man. Walioshuhudia hawakupatana kamwe juu ya nani alishinda, kwa hiyo nasi tusijitie uhakimu. Linalojulikana ni kwamba Lee alitoka pale hajaridhika na nafsi yake; aliona mtindo aliorithi umemfunga. Akaanza kuchagua huku na huku, katika ndondi za Kizungu, hata katika mchezo wa vitara, na mwaka 1967 akauita mkusanyo wake Jeet Kune Do, yaani njia ya ngumi inayokatiza. Kwa ufupi ni hivi: usingoje ngumi ya mwenzako ifike ndipo uzuie, ikatize ingali njiani.

Hollywood ilimpa kazi ya kuwa Kato, dereva na mtumishi wa shujaa wa Kizungu, katika mchezo wa televisheni wa The Green Hornet wa mwaka 1966 na 1967. Baada ya hapo ikawa kama mlango umefungwa. Aliwafundisha wachezaji mashuhuri kama Steve McQueen na James Coburn, lakini yeye mwenyewe hakupewa nafasi ya mbele. Mwaka 1970 aliumia mgongo akinyanyua vyuma, akalala kitandani miezi, akajaza madaftari kwa maandishi. Ulipokuja mchezo wa televisheni ulioitwa Kung Fu, mwaka 1972, mtawa wa Kichina alichezwa na Mzungu, David Carradine.

Basi akarudi Hong Kong, akaafikiana na Raymond Chow wa kampuni ya Golden Harvest. The Big Boss ilipigwa Thailand na kutolewa 1971, ikavunja rekodi ya mapato ya Hong Kong. Fist of Fury ikafuata 1972, kisha The Way of the Dragon mwaka huo huo, ambayo aliiandika na kuiongoza mwenyewe.

Hapa ndipo mashabiki wagawanyikapo. Wako wanaoapa kwamba hakuna pigano kama lile la Roma, ndani ya magofu ya Kolosai, baina yake na Chuck Norris, na paka mdogo akitazama. Hoja yao ina uzito: Lee anaanza kwa kushindwa, anabadili mwendo, anaanza kurukaruka, na ndipo anapopata njia. Somo lote la Jeet Kune Do limo katika dakika hizo chache. Na akishamwua adui anamfunika kwa nguo yake na mkanda wake, kwa heshima. Wako wengine, nao ndio wengi, wasiotaka kusikia habari isipokuwa ya Enter the Dragon ya 1973, iliyotengenezwa pamoja na Warner Bros: kisiwa cha Han, chumba cha vioo, na Jim Kelly, Mmarekani mweusi mwenye nywele zake za mviringo na ulimi usiokosa jibu. Sisi watoto tulitoka pale tukakata mipini ya mafagio ya mama zetu, tukaunganisha vipande kwa mnyororo, tukajipiga vichwa wenyewe.

Mimi nabaki na Fist of Fury, na sababu yangu si mapigano. Katika Enter the Dragon, ukiondoa kisasi cha dada yake, Lee ametumwa na Mwingereza kufanya kazi ya upelelezi. Katika Fist of Fury hakutumwa na mtu. Mahali ni Shanghai, mji uliogawanywa na wageni. Mwalimu wake amekufa, na Wajapani wameleta ubao wa kuwatukana Wachina kuwa ni wagonjwa wa Asia. Anaurudisha kwa miguu yake, peke yake. Kisha anafika kwenye lango la bustani penye kibao kinachokataza mbwa na Wachina, anakipiga teke kikiwa hewani, kinavunjika. Wanahistoria wanabishana juu ya maneno ya kibao hicho, lakini kwamba bustani hiyo ilifungwa kwa Wachina hadi 1928 si jambo la ubishi. Mzee mmoja jirani yetu, aliyewahi kupika katika klabu ya Wazungu enzi za ukoloni asikoweza kuketi, alikwenda kuitazama picha ile mara tatu. Wala kung fu haikuwa inamshughulisha.

Tarehe 10 Mei 1973 Lee alianguka studioni akiingiza sauti katika Enter the Dragon, madaktari wakamwokoa. Tarehe 20 Julai, katika nyumba ya mchezaji mwenziwe, Betty Ting Pei, alimeza kidonge cha maumivu ya kichwa, akalala, hakuamka. Ubongo ulikuwa umevimba. Umri wake ulikuwa miaka 32. Uchunguzi wa mahakama ulitamka kuwa ni kifo cha bahati mbaya, lakini mashabiki hawakukubali: wakasema sumu, wakasema magenge, wakasema pigo la siri linaloua baada ya siku nyingi. Enter the Dragon ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi uliofuata. Kila aliyeishangilia alikuwa akimshangilia marehemu. Alizikwa Seattle.

Aliacha picha nyingine haijakwisha, Game of Death. Kampuni iliimaliza mwaka 1978 kwa watu waliofananishwa naye, na hata mazishi yake ya kweli yakatiwa ndani. Hilo sikulipenda na silipendi. Katika kisa hicho, mcheza sinema anapigwa risasi ya kweli kazini badala ya ile ya bandia, na sehemu anayoigiza wakati huo ni ule ule mruko wa mwisho wa Fist of Fury. Miaka kumi na mitano baadaye, tarehe 31 Machi 1993, Brandon mwanawe alikufa kwa bunduki ya mchezo iliyotoa risasi kweli, akitengeneza The Crow. Wamelala kaburi kwa kaburi.

Juzi nilimwonyesha mjukuu wa dada yangu Fist of Fury kwenye simu. Ilipoganda, alidhani mtandao umekatika, akaigusa kioo kwa kidole. Kisha akaniuliza kama yule amekufa. Nikamwambia atazame tena.