Paul Robeson: Mlinzi wa Uwanjani na wa Lugha

Wako wanafunzi, kuanzia Tuala kule Kajiado hadi Mombasa, wanaokiona Kiswahili kuwa lugha ya kupitia mtihani tu. Hao na wamtazame Paul Robeson.

Alizaliwa mwaka 1898 huko Princeton, Marekani, mwana wa mchungaji aliyetoroka utumwa. Alipojaribiwa katika timu ya Chuo cha Rutgers, wachezaji weupe walimvunja pua. Hakukimbia. Zama hizo mchezaji wa kandanda ya Kimarekani alishambulia na kulinda pia, na Robeson alisifika kwa ulinzi. Mwaka 1917 na 1918 aliteuliwa miongoni mwa wachezaji bora wa taifa.

Baadaye alihitimu sheria, akawa mwimbaji na mwigizaji mashuhuri. Na huko London, miaka ya 1930, akajifunza Kiswahili. Katika filamu ya mwaka 1935 aliigiza pamoja na Jomo Kenyatta. Kwa misimamo yake ya kisiasa alinyang'anywa pasipoti mwaka 1950 hadi 1958, na jina lake likafutwa katika orodha za wachezaji bora. Alifariki mwaka 1976.

Mtu aliyevunjwa pua kwa rangi yake aliitafuta heshima ya Mwafrika ndani ya lugha zake. Sisi tulio nazo vinywani, tunazilinda vipi?