Santiago Ramón y Cajal: Mazoezi ya Mwili, Mazoezi ya Akili

Neno mazoezi katika Kiswahili halibagui. Mkimbiaji hufanya mazoezi uwanjani, na mwanafunzi hufanya mazoezi yaliyo mwishoni mwa sura ya kitabu. Yote yanatokana na kitenzi zoea. Nimeona heri kuanza na neno hili kwa sababu mtu ninayekusudia kumsimulia aliziishi maana zake zote mbili, tena kwa kukosea kwanza.

Santiago Ramón y Cajal alizaliwa tarehe 1 Mei 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón, kaskazini mwa Uhispania. Babake, Justo Ramón, alikuwa tabibu mkali aliyejisomesha kwa dhiki. Mtoto naye alikuwa mtundu wa kupindukia. Aliwahi kutiwa korokoroni kwa kulivunja lango la jirani kwa mzinga aliouunda mwenyewe. Alichokipenda ni kuchora, jambo ambalo baba aliliona upuuzi mtupu. Akapelekwa kujifunza kazi ya kinyozi, kisha ya ushonaji viatu, ili ashike adabu. Mambo yaligeuka mwaka 1868, baba alipomchukua hadi makaburini kukusanya mifupa ya kujifunzia anatomia. Kijana akaichora mifupa ile, na papo hapo sanaa na udaktari vikapatana.

Akiwa mwanafunzi wa udaktari mjini Zaragoza, alishindwa na mwenzake katika kupimana nguvu za mkono. Fedheha ile ilimkereketa. Akamwendea mwenye jumba la mazoezi, wakaafikiana: yeye atoe masomo kuhusu utendaji wa misuli, naye afundishwe namna ya kuijenga. Akawa anajifua saa mbili kila siku hata kifua chake kikapita sentimita 112 kwa mzunguko, na mwendo wake barabarani ukawa wa maringo. Alipokuja kuandika kumbukumbu za maisha yake aliicheka na kuijutia hali ile. Hakuona kosa katika mazoezi yenyewe. Alichojutia ni kuwa aliyapa kila kitu, na fikra zikabaki na njaa.

Misuli ile haikumfaa kitu Cuba. Alihitimu mwaka 1873, akaingia jeshini kama daktari, na mwaka 1874 akapelekwa katika kisiwa hicho, ambako Uhispania ilikuwa ikipigana na wapigania uhuru. Malaria na kuhara damu vilimkongoa. Alirejea mwaka 1875 akiwa gofu la mtu. Mwaka 1878 akatema damu. Kilikuwa kifua kikuu, na zama hizo hapakuwa na dawa ya kukiponya.

Hapa, kwa maoni yangu, ndipo penye kiini cha maisha yake. Alipelekwa Panticosa, katika milima ya Pyrenees, akiwa amekata tamaa kabisa. Akawa anapanda majabali kana kwamba anakihimiza kifo kije upesi. Kifo hakikuja. Badala yake alitambua kwamba pumzi ilikuwa ikimrudia, na kwamba sehemu kubwa ya mateso yake ilikuwa ni ile hofu aliyoilea moyoni. Tangu hapo alijishughulisha na matembezi, kuchora na kupiga picha, hata akapona. Mwaka 1879 alimwoa Silveria Fañanás.

Sifa zake za kisayansi zinajulikana, nami nitazipitia kwa haraka. Mwaka 1887 alionyeshwa mjini Madrid tishu za ubongo zilizotiwa rangi kwa mbinu ya Mwitalia Camillo Golgi. Mwaka uliofuata, akiwa Barcelona, alionyesha kwamba seli za neva hazikuungana kuwa wavu mmoja kama ilivyodhaniwa, bali kila moja husimama peke yake na kuwasiliana na jirani zake. Mwaka 1906 yeye na Golgi waligawana Tuzo ya Nobel, na Golgi akaitumia hotuba yake kumpinga!

Linalotuhusu zaidi ni mhadhara alioutoa London mwaka 1894. Alipendekeza kwamba mazoezi ya akili huenda yakaongeza matawi na miunganisho ya seli za neva, hata kama idadi ya seli haiongezeki. Kwa hivyo mwenye kipaji cha wastani hakuhukumiwa kubaki alivyo. Lilikuwa wazo la kukisia, na miaka ya 1913 na 1914 yeye mwenyewe aliandika kwamba njia za neva za mtu mzima hazibadiliki. Utafiti wa baadaye umethibitisha kuwa miunganisho hiyo huendelea kubadilika mtu anapojifunza, hata utu uzimani.

Je, yeye aliishi vipi? Si kama mtawa. Wakati fulani sataranji ilimteka hata ikamnyima usingizi. Akawashinda wapinzani wake kwa juma zima, kisha akaacha. Kazi ilipomletea mapigo ya moyo na unyong'onyevu, alijenga nyumba yenye bustani pembezoni mwa Madrid, akapumua. (Wenzangu ambao huhamia maktabani na chupa ya chai kila mtihani unapokaribia, wasinyanyuke hadi usiku, wangefaa kuiona bustani hiyo.) Jioni alihudhuria baraza za mkahawani, akizungumza na watu wasiojua lolote kuhusu hadubini. Hata hadithi fupi alitunga, na mwaka 1905 akazichapisha kwa jina la Daktari Bakteria.

Uzeeni daktari alimwambia kuwa mishipa ya damu ya ubongo wake imekuwa migumu. Akaiacha mikahawa yenye joto na kelele, ingawa aliipenda mno, akazidi kujitenga nyumbani na vitabu na hadubini yake. Aliandika kitabu kuhusu ulimwengu aonavyo mtu wa miaka themanini, kikatoka mwaka 1934. Tarehe 17 Oktoba mwaka huo huo alifariki mjini Madrid, akiwa na umri wa miaka 82.