Emile Berliner na Sahani ya Santuri

Juu ya meza yangu darasani pana sahani moja kuukuu ya santuri. Ni nyeusi, ni nzito, na ukingo wake umemeguka kidogo, maana sahani za namna ile zikianguka huvunjika kama kigae. Kila mwaka huwapa wanafunzi waishike na kuitazama karibu na dirisha. Wakiielekeza penye mwanga huona mistari myembamba mno, iliyozunguka kama viwimbi vya maji palipotupwa jiwe. Lakini kwa kweli si mistari mingi. Ni mfuo mmoja tu, yaani mfereji mwembamba kama unywele, uanzao ukingoni na kuzunguka mpaka karibu na kitovu. Ukiutazama kwa kioo cha kukuzia utaona ya kuwa haukunyoka, bali unayumba kushoto na kulia. Kuyumba kule ndiyo sauti ya mwimbaji. Mtu aliyeifanya sahani ya namna hii alikuwa Emile Berliner, na habari zake ndizo hizi.

Alizaliwa tarehe 20 Mei 1851 katika mji wa Hannover, Ujerumani, katika nyumba ya Wayahudi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, naye alivisoma sana vitabu vya dini yake. Mama yake alipenda muziki. Watoto waliozaliwa nyumbani mwao walikuwa 13, na kulisha watoto wengi si kazi ndogo. Kwa hiyo Emile alipotimiza miaka 14 masomo yake ya shule yakaisha, akaenda kufanya kazi, kwanza kwa mpiga chapa, kisha katika duka la nguo. Mwaka 1870 akapanda meli kwenda Marekani, kwa kuwa rafiki wa jamaa zake alikuwa na duka katika mji wa Washington. Mwaka ule ule vita vilizuka baina ya Wajerumani na Wafaransa.

Huko Washington aliuza nguo miaka mitatu. Baadaye akaenda New York, akafanya kazi hii na ile, na moja katika kazi hizo ilikuwa kuosha chupa katika chumba cha mkemia. Mchana aliosha chupa, na usiku alikwenda kusoma elimu ya umeme na ya sauti katika Cooper Institute, mahali ambapo maskini walifundishwa bila ada. Hakupata kusoma katika chuo kikuu, na jambo hili halikumzuia.

Mwaka 1876 Alexander Graham Bell aliionyesha simu yake ya kusemea katika mji wa Philadelphia. Watu waliistaajabia, lakini sauti yake ilikuwa hafifu. Berliner, ambaye wakati ule alikuwa amerudi kwenye duka la Washington, alijifunza kwa rafiki yake mpeleka simu za waya ya kuwa kitufe kikibonyezwa kwa nguvu umeme mwingi zaidi hupita. Maneno hayo yalimkaa moyoni. Akawaza ya kuwa kama sauti ya mtu ingeweza kubonyeza kipande cha chuma, kidogo au zaidi kwa kadiri ya nguvu zake, umeme ungeifuata sauti. Mwaka 1877 alikifanya chombo hicho kwa sanduku la sabuni. Kampuni ya Bell ilimwajiri na kuinunua haki ya chombo chake, na kwa fedha hiyo aliweza kuacha kazi ya kuajiriwa na kufuata mawazo yake mwenyewe.

Wakati ule mashine ya kuhifadhi sauti ilikuwapo tayari. Thomas Edison aliifanya mwaka 1877. Mashine ile ilitumia mcheduara, yaani kitu cha mviringo kama gogo dogo, uliofunikwa kwa karatasi ya bati, na baadaye wengine wakatumia nta. Sindano ilichimba chini zaidi au juu zaidi kwa kadiri ya sauti. Lakini ilikuwa na shida moja kubwa. Si rahisi kupiga chapa ya kitu cha mviringo. Katika miaka ile ya kwanza mwimbaji alisimama mbele ya mashine chache, akauimba wimbo wake. Kisha migogo mingine ikawekwa, naye akauimba tena, na tena, hata koo likamkauka. Sauti ilihifadhika, lakini haikuzaa.

Berliner aliitazama kazi ya Mfaransa mmoja, Léon Scott, ambaye mwaka 1857 aliifanya sauti ijichore yenyewe juu ya karatasi iliyopakwa masizi. Mchoro ule haukuweza kusikiwa, uliweza kuonekana tu. Berliner akawaza kuuchora katika madini, tena juu ya bamba bapa, na sindano iyumbe kushoto na kulia badala ya kuchimba. Mwaka 1887 akapata hati ya serikali iliyolinda uvumbuzi wake, akauita mashine yake gramafoni.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Alitwaa bamba la zinki lililosuguliwa likang'aa. Akaiyeyusha nta ya nyuki katika benzini, akaimimina juu ya bamba. Benzini ikaruka hewani, ikabaki ngozi ya nta nyembamba sana. Bamba likazungushwa, na mwimbaji akaimba ndani ya baragumu. Mwisho wa baragumu palikuwa na kiwambo, kama kile cha ngoma, ila chembamba zaidi. Sauti ilipokitikisa kiwambo, sindano iliyounganishwa nacho iliyumba ikakwangua nta. Kisha bamba likatiwa katika tindikali. Palipokuwa na nta tindikali haikupenya. Palipokwanguliwa iliila zinki, na mfuo ukabaki ndani ya madini. Tarehe 16 Mei 1888 aliionyesha kazi hii mbele ya wataalamu wa Franklin Institute, Philadelphia.

Sasa ikabaki kuzalisha. Kwa nguvu za umeme alilifunika bamba la zinki kwa shaba, kisha akaibandua shaba ile. Palipokuwa bonde katika zinki pakawa tuta katika shaba. Huo ukawa muhuri. Mmewaona watu wa posta wakipiga muhuri juu ya lakiri ya moto. Basi, Berliner alitaka kufanya vivyo hivyo kwa sauti ya mwanadamu, ili mwimbaji aimbe mara moja na muhuri upige maelfu. Lakini apige juu ya nini? Hapo ndipo alipotaabika miaka mingi. Alijaribu selulosi iliyotiwa kafuri, ikachakaa upesi. Alijaribu mpira mgumu, lakini mara nyingine mpira haukushika chapa yote, sauti ikakatika katikati ya wimbo. Mwishowe akapata msaada kwa kiwanda kilichotengeneza vifungo vya nguo. Vifungo vile vilifanywa kwa shelaki, utomvu utolewao na wadudu wadogo wa Bara Hindi, ambao ndio uliotumika pia katika lakiri. Shelaki ikachanganywa na unga wa mawe na masizi, ikalainishwa kwa moto, ikakandamizwa kwa muhuri, ikapoa, ikawa sahani. Ile iliyo mezani pangu ni ya namna hiyo.

Ilibaki shida ya kuzungusha. Gramafoni za kwanza zilizungushwa kwa mkono, na mkono wa mtu huchoka. Ukienda mbio, mwimbaji hulia kama ndege. Ukilegea, huguna kama fahali. Haishangazi kwamba gramafoni za kwanza kabisa kuuzwa, huko Ujerumani karibu na mwaka 1890, ziliuzwa kama vitu vya kuchezea watoto. Mwaka 1896 fundi mmoja wa Camden, jina lake Eldridge Johnson, aliitengenezea gramafoni mtambo wa kamani kama ule wa saa, na tangu hapo watu wazima nao wakaitaka.

Basi ilipoanza kuleta faida, Berliner akaipoteza. Mtu wa New York aliyepewa haki ya kuiuza aligombana na kampuni, wakashtakiana, na mwaka 1900 mahakama ilimkataza Berliner kuuza gramafoni katika Marekani, nchi aliyoivumbua ndani yake. Alikuwa na umri wa miaka 49. Akahamishia biashara yake Montreal, Kanada, akaanza tena. Johnson aliendelea na kazi huko Marekani, na mwaka 1901 akaunda kampuni kubwa, ambayo Berliner alipata sehemu yake. Lakini jina la gramafoni, alilolitunga mwenyewe, halikutumika tena sana katika nchi ile.

Upande huu wa bahari lilienea. Kampuni ya gramafoni ilianzishwa London mwaka 1898, na mwaka ule ule Joseph, ndugu yake Emile, akawa na kiwanda cha kupiga sahani huko Hannover. Mwaka 1902 mafundi wa London walifika Calcutta kuzinasa sauti za waimbaji wa Bara Hindi. Na mwaka 1928 mwanamke wa Unguja, Siti binti Saad, alivuka bahari pamoja na wapigaji wake mpaka Bombay, akaimba kwa Kiswahili, na sauti yake ikapigwa chapa katika sahani za kampuni hiyo. Watu wasiopata kumwona wakamsikia.

Katika uzee wake Berliner alishughulika na jambo jingine kabisa. Binti yake mdogo aliugua sana, naye akachunguza, akaona ya kuwa watoto wengi walikufa kwa maziwa machafu. Akatumia mali yake kuwafundisha watu kuyachemsha maziwa, na kuwashawishi wenye mamlaka watunge sheria za usafi wake. Alifariki Washington tarehe 3 Agosti 1929, mwaka mmoja baada ya safari ya Siti.

Tangu mwaka 1948 shelaki ilianza kuachwa. Sahani za siku hizi ni za plastiki iitwayo vinili, ambayo haivunjiki upesi, na mifuo yake ni myembamba zaidi, hata upande mmoja ukaweza kucheza zaidi ya dakika 20. Muhuri wake sasa ni wa nikeli, lakini hutengenezwa kwa umeme na kubanduliwa kama ule wa Berliner. Katika miaka ya 1970, vijana wa New York waliweka mashine mbili za santuri bega kwa bega, na katikati chombo cha kupunguza sauti ya moja na kuongeza ya nyingine, ili ngoma isikatike. Chini ya kila sahani walitandika kitambaa kitelezi, ili kinara kizunguke huku sahani imezuiwa. Kisha wakaweka vidole juu ya sahani, wakairudisha nyuma na kuisukuma mbele kwa mkono.