Charles Lindbergh na Eropleni Nyepesi

Charles Lindbergh alizaliwa Marekani mwaka 1902. Alipokuwa kijana, kazi yake ilikuwa kuchukua barua kwa eropleni. Akatamani kuvuka bahari ya Atlantiki peke yake, toka New York hata Paris, pasipo kutua. Mwaka 1926 watu wanne walijaribu safari hiyo kwa eropleni kubwa yenye mizigo mingi. Ikashindwa kuruka, ikaanguka na kuteketea, wawili wakafa.

Basi Lindbergh alifahamu ya kuwa kila kitu kisichohitajiwa huchukua nafasi ya petroli. Akachagua eropleni ndogo ya injini moja. Akaacha redio, akaacha mwavuli wa kujiokoa, akakalia kiti cha henzirani. Hata kingo za ramani zake akazikata. Eropleni tupu ilikuwa na uzito wa ratli 2,150, na petroli aliyoipakia ilizidi uzito huo.

Tarehe 20 Mei 1927 akaondoka katika uwanja wa matope, akapita juu kidogo tu ya nyaya za simu. Baada ya saa 33 na nusu akatua Paris, na petroli ingalimo. Alikufa mwaka 1974.

Aendaye mbali na achague mzigo wake.